Chura wa Masoro na Daftari Nililolificha

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Nyabugogo, nikibishana na mchukuzi aliyetaka kubeba gunia langu la viazi kichwani, na mimi nikitaka alibebe begani. Simu ikaita. Alikuwa mwenzetu mmoja wa zamani, akasema bila salamu: "Mzee wa vyura ametutoka asubuhi hii." Nikakaa juu ya gunia. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba safu hii ina makosa mengi lakini haina mazoea ya kudanganya, kwa hiyo nitawaambia jambo la kwanza lililonijia kichwani, na halikuwa sala. Nilijiuliza gazeti litampa nafasi kiasi gani. Nikauona ukurasa mzima, na picha yake akiwa na viatu vya mpira na kofia ile mbaya, halafu nikajiona mimi, niliyeandika humu ndani miaka na miaka, nikipewa robo ya ukurasa chini ya tangazo la mabati siku yangu itakapofika. Ndivyo nilivyoupokea msiba wa mtu niliyemfahamu tangu tukiwa vijana wembamba wote wawili. Mchukuzi aliutazama uso wangu, akasema, "Pole, muzee," akaliweka gunia begani bila ubishi wowote.

Kwa wasiomjua, na ninakiri kwamba iliniuma siku zote kuona jinsi walivyokuwa wachache, marehemu alikuwa mtaalamu wa amfibia na reptilia, yaani vyura, mijusi, nyoka, vinyonga na ndugu zao wote ambao watu wa Kigali huwafukuza kwa ufagio. Kazi yake ilikuwa kusoma vinasaba vyao, ile barua ndefu ambayo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake, na kutoka humo kueleza nani ni ndugu wa nani na walitengana lini. Ukimpa kipande cha ini la chura kikubwa kama punje ya mchele, baada ya wiki kadhaa angekuambia mababu wa chura huyo waliishi bonde gani kabla ya binadamu kupanda mtama katika vilima hivi. Mimi nikipewa ini najua kulikaanga tu. Na ubaya ni kwamba kuna wakati nilikuwa najua zaidi ya hapo.

Tulianza kazi siku moja. Mimi nilikuwa nimekulia Karagwe, ng'ambo ya mto, na Kiswahili changu cha Tanzania nilikibeba kama cheo. Yeye alikuwa amekulia Bujumbura, akichanganya Kiswahili cha mitaa ya huko na Kifaransa cha mapadri. Nchi ilikuwa imeturudisha nyumbani sote wawili, na chuo kimoja kikatuajiri kukusanya vyura na mijusi wa mabonde ya kando ya Kigali kwa ajili ya chumba cha mitungi. Kazi ilikuwa matope hadi kiunoni, ruba miguuni, na akina mama wa mashamba ya mpunga wakituuliza kama hatuna wake wa kutupikia chakula cha maana. Katika kazi ile mimi nilikuwa bora kuliko yeye, na hilo liandikwe. Nilikuwa na mkono wa kuwapanga vyura. Nilimlaza kila mmoja juu ya sinia, nikamkunja magoti sawasawa, nikamtandaza vidole kimoja kimoja, kisha nikammwagia formalini, ile dawa ya kuhifadhi mizoga, akakauka katika mkao ule milele. Wageni waliokuja kuona mitungi walisimama mbele ya ile yangu. Ya kwake waliipita haraka, kwa sababu vyura wake walikuwa na matumbo yaliyopasuliwa.

Aliwapasua kwa sababu mtu fulani, katika mafunzo mafupi aliyokwenda nje, alimwambia kwamba nyama lazima ikatwe kabla ya formalini kuigusa. Formalini hulinda umbo na kuuharibu ujumbe wa ndani. Ile barua hufungana, haisomeki tena. Siku hizo hapakuwa na mashine ya kuusoma ujumbe huo katika nchi nzima, na hata karatasi ya kuandikia ilikuwa ya kuomba. "Umva, sikiliza," aliniambia tumechuchumaa kando ya sinia, "tukate kwanza kipande ya ini, tutie ndani ya spiriti. Iko siku tutaihitaji." Nikamwuliza kama amekuja kukusanya vyura au kufungua bucha. Wasaidizi wote walicheka, na kwa muda mrefu walimwita Mzee Bucha. Yeye alicheka pamoja nao, akaendelea kukata vyura wake. Wa kwangu sikuruhusu awaguse, na siku nilizokuwa mimi mwenye zamu ya mitungi, nilitumbukiza formalini hata wale aliowashika yeye, kabla hajapata nafasi ya kutoa kisu. Niliwaonea huruma kuharibiwa, ndivyo nilivyojieleza.

Mashine zilikuja, kama alivyosema. Vyura wake wabaya wakaanza kuzungumza. Wangu wamekaa kimya hadi leo, magoti sawasawa, vidole vimetandazwa. Ikabainika kwamba chura mdogo wa mafunjo ambaye sisi sote, na vitabu vyote, tulimwita jina moja, kumbe walikuwa ukoo zaidi ya mmoja, wamefanana kwa rangi lakini walitengana zamani mno. Akaitwa huku na huko kueleza. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuacha matope na kuingia gazetini, nikasema nimechoka na ruba, na watu wakaniamini. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa na hakutia hata tone, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Angejivuna kidogo ningepata pa kumshika. Badala yake alikuwa akinipigia simu kila anaporudi safari, ananiletea jibini na soksi, na kuniuliza viungo vya mgongo vinaendeleaje. Nilizivaa soksi zile nikimchukia kwa roho safi kabisa.

Niliwahi kwenda kumsikiliza akifundisha, nikakaa nyuma karibu na mlango ili niondoke likiharibika jambo. Halikuharibika. Aliwaeleza vijana kwamba ngozi ya chura ni nyembamba, haivumilii jua, kwa hiyo kilima ambacho sisi tunakivuka kwa pikipiki tukitafuna mahindi, kwake ni jangwa. Chura wa bonde hili hakutani na wa bonde lile. Wanaoana wao kwa wao, vizazi na vizazi, na kila kizazi makosa madogo yanaingia katika ile barua na kurithiwa, hadi mlio wa dume unabadilika, na siku moja jike wa bonde la pili akiusikia haitiki tena. Hapo, akasema, ndipo wamekuwa wawili. Lakini kabla ya maneno hayo yote alianza na sentensi moja ambayo nasikia aliisema mwanzo wa kila mhadhara: "Wapenzi, mimi hapa naongea habari za vyura, na vyura peke yao." Vijana hawakucheka, wala yeye hakuwa anafanya mzaha. Nchi yetu ina sababu zake za kumwogopa mtu anayekuja na kipimo cha kutenganisha wanaofanana, na yeye alibeba elimu yake kwa tahadhari hiyo, kama mtu anayepita sokoni na panga amelifunga kwa gunia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika kwamba sikuwa nimeisema mimi. Wiki iliyofuata niliiandika humu bila kumtaja.

Sasa niwaambie habari za daftari. Msimu mmoja wa mvua tulizunguka mabonde mengi ya upande wa Masoro, kabla ya viwanda na maghala, wakati kule kulikuwa na matanuri ya matofali na mafunjo tu. Tulikuwa na daftari moja la jalada la bluu, tukiandika kwa zamu. Katika bonde moja, jioni moja yenye mawingu, palisikika mlio wa chura usiokuwa ule wa kawaida. Na kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, kila nilipokunywa bia ya pili na rafiki, nilisimulia jinsi mimi nilivyousikia mlio ule kwanza, jinsi wazo lote lilivyoanzia sikioni mwangu, na jinsi mtu mwingine alivyolichukua akaenda nalo Ulaya. Vyura wenyewe wa bonde lile walikuwa katika mojawapo ya mitungi yangu, wamepangwa vizuri, hawasomeki. Yeye aliamini kwamba huenda wale walikuwa ukoo mwingine kabisa, ambao hajaupata popote tena, na njia pekee ya kujua ilikuwa kurudi bonde lile lile na kumshika mmoja aliye hai. Lakini mabonde yalikuwa mengi, barabara zimekata vilima, matanuri yamevunjwa, na ramani ya mahali ilikuwa ndani ya daftari la bluu. Daftari lilikuwa kwangu.

Aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nitalitafuta. Mara ya pili nilimwambia lilipotea tulipohama Kabuga, na nikaongeza habari za sanduku lililoloa mvua juu ya gari, kwa sababu mwandishi hawezi kudanganya bila mapambo. Mara ya tatu alikuja mwenyewe ofisini kwangu, amekonda, akiwa na fimbo, akasema anakwenda Masoro kila Jumamosi na walinzi wa viwanda wamekwisha kumzoea, wanampa kiti. "Labda unakumbuka hata kidogo tu," alisema. "Iko upande wa juu ya barabara ama wa chini?" Nikamtazama machoni nikamwambia sikumbuki. Daftari lilikuwa kabatini nyuma yangu, limefungwa kwa karatasi ya kaki. Sikuwa nimelifungua tangu zamani, maana nilijua kilichomo. Akanishukuru, akaniachia mfuko wa maparachichi ya kwake, akashuka ngazi polepole, na mimi nilibaki nikiyasikia mapigo ya ile fimbo hadi chini.

Tulimzika siku ya mvua, tukaenda kunawa mikono nyumbani kwake kama ilivyo desturi, na wiki ilipotimia tukarudi kumaliza ikiriyo, yaani matanga. Niliombwa kusema machache. Nilisema vizuri, nisingejisamehe kusema vibaya mbele ya watu wake wa chuo. Walicheka pa kucheka na kufuta macho pa kufuta macho. Mjane, ambaye amekuwa akiniita shemeji tangu harusi niliyosimamia, alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Shemeji, alikuwa anakusomaka kila wiki," aliniambia. "Hata kule hospitali nilikuwa namusomea. Akisinzia nikinyamaza, anafungua macho anasema endelea." Nikampa pole, "Mwihangane," na nikatafuta soda nisiyoihitaji. Kisha baba mdogo wa marehemu akasimama kwa niaba ya familia, na kama wanavyofanya siku hiyo, akauliza. "Kama iko mutu mwenye kitu ya marehemu, ama marehemu alikuwa na kitu yake, asimame aseme leo. Tukimaliza hapa tumefunga." Mmoja akasimama kusema ana vitabu vyake viwili. Jirani akasema ana ngazi yake. Watu wakacheka kwa upole. Mimi nilitazama viatu vyangu hadi baba mdogo akasema asante, akaketi.

Nilipokuwa naaga, msichana mmoja alinifuata hadi penye lango. Alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, mdogo kwa umbo, ana kidonda cha matope kisichopona kwenye kifundo cha mguu, na nilipokiona nilijua kazi yake kabla hajafungua mdomo. "Mzee, samahani," alisema. "Mwalimu alitwambia kama ile chura ya Masoro mulisikia nyinyi wawiri. Na daftari yenu ilipotea kweri?" Nikauliza kwa nini anauliza. Akasema kampuni moja inataka kujaza udongo katika bonde la mwisho lenye maji upande ule, mwezi huu huu, kabla ya kujenga ghala. Bonde lenyewe ni refu, lina mitaro na visima na mafunjo ya hapa na pale. Yeye na wenzake wana siku chache za ruhusa ya kuingia, na hawajui waanzie wapi. "Kama hayuko pale, basi," alisema, akafungua kiganja kuonyesha hakuna kitu. Nilimtazama, kijana, masikio mazima, kazi yote mbele yake, na aibu yangu niseme wazi: hata yeye nilimwonea wivu. Nikamwambia nitaangalia nyumbani.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikalifungua kabati na kukata kamba. Daftari lilinuka formalini bado. Niliupata ukurasa bila shida: ramani, chemchemi, tanuri la matofali, mahali mabonde matatu yanapokutana. Ramani ilikuwa ya mkono wake. Na chini ya ramani, ule mstari nilioulinda miaka yote ili usiibiwe, nao ulikuwa wa mkono wake. Niliusoma nimesimama. "Iko mlio ingine, mufupi, mara mbili mbili, chini ya chemchemi. Nimeshika mbili. Mwenzangu anasema ni wale wale, twende, mvua inakuja." Kwa mwandiko wangu, ule wa kujidai wenye mikia, palikuwa na maneno machache mwishoni mwa ukurasa: namba ya mtungi, na kando yake, "Wamepangwa vizuri."

Nilijaribu kuitetea kumbukumbu yangu, nikajiambia labda nilisikia kwanza kisha nikabadili mawazo, labda aliandika haraka. Haikukubali. Nilikuwa nimemficha mtu kitu chake mwenyewe, kwa kuogopa asinipokonye kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho. Na yeye, ambaye alijua vizuri ni nani aliyesema twende, alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba tulisikia wawili. Ningependa kuandika hapa kwamba wema wake ulinifariji. Uliniudhi. Hata katika kumkosea nilikuwa nimeshindwa, maana alinisamehe bila kunipa nafasi ya kuomba. Hapo ndipo nililia, na kwa mara ya kwanza tangu Nyabugogo sikuyashuku machozi yangu.

Tulikwenda Masoro na yule msichana siku iliyofuata, nikiwa na daftari ndani ya mfuko wa kitambaa, maana ya plastiki siku hizi huipati. Nilimweleza kila kitu tukiwa njiani. Aliomba kuiona ramani. Tanuri halipo. Chemchemi imefunikwa na uwanja wa kuegeshea malori. Lakini mahali mabonde matatu yanapokutana, nyuma ya ukuta wa ghala, maji bado yanatafuta njia yao ya zamani, na kuna mtaro wenye mafunjo ya urefu wa mtu, nao si mrefu kuliko chumba cha kulala. Mlinzi alitufungulia lango dogo. Alituuliza mzee mwenye fimbo yuko wapi, na tulipomjibu alivua kofia. Alasiri ile ikawa nyeusi, mvua ikaanza, na vyura wakaanza pamoja nayo, wale wa siku zote, kelele moja kama mawe yanayomwagwa.

Msichana aliinua kidole. "Mzee, umesikia? Mara mbiri mbiri. Pale, nyuma ya majani." Nikasikiliza. Nilifumba macho, nikazuia pumzi, nikasikiliza kwa nguvu zote alizoniachia Mungu. Nilisikia walewale. Na maneno yakanipanda kooni, yamekomaa, yananijua: walewale hawa, twende, mvua inakuja. Niliyameza. Nikalitoa daftari kwenye mfuko, nikamfungulia ukurasa mweupe unaofuata, nikampa kalamu yangu. "Andika," nikamwambia. "Andika umesikia wewe. Halafu andika kwamba mimi sikusikia kitu."

Kama ni ukoo mwingine au ni walewale, mashine itasema. Kipande cha ini alichokata msichana kwa chura aliyemshika jioni ile kimo ndani ya spiriti, na safari hii hakuna aliyemwita bucha. Sitawadanganya kwamba wivu umeniisha. Nimezeeka nao, na gazeti lilimpa marehemu ukurasa mzima, kama nilivyoogopa. Ila kama kuna funzo nililopata kwake, nililochelewa kulipata akiwa hai, ni hili: mwenzako akisikia usichokisikia, hajakuibia. Mwache aandike, na kama mvua inanyesha, mshikie mwavuli.